Rula na sahani ya sato: uchambuzi wa kisa cha ziara ya wanafunzi visiwani Ukerewe

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya walimu na walezi wa klabu wanaopeleka wanafunzi visiwani. Jina la shule, la kisiwa tulichofikia na ya watu wote waliohusika nimeyaacha, na mambo madogomadogo nimeyabadilisha ili mtu asitambulike. Mimi nilikuwa mkuu wa msafara, mwalimu wa jiografia. Mengi ya makosa yatakayosomwa hapa yalipita mikononi mwangu.

## Usuli

Shule ni ya sekondari, ya kutwa, iko jijini Mwanza upande usiotazama ziwa. Siku moja niliuliza darasani ni wangapi wamewahi kupanda chombo cha majini. Mikono iliyonyooshwa ilikuwa sita, na minne kati ya hiyo ilikuwa ya kivuko cha kwenda Kamanga. Watoto hawa wamezaliwa kilomita chache kutoka Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, wanakula dagaa wake karibu kila wiki, na bado wanalijua kama mtu anavyomjua jirani ambaye humsikia tu nyuma ya ukuta. Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililozaa ziara.

Tulipanga siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, wanafunzi 31 wa kidato cha pili na cha tatu kutoka klabu ya mazingira, walimu wanne na mzazi mmoja. Ijumaa ilikuwa ya asili: Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, kisha kurudi kulala nyumbani. Jumamosi tungepanda meli hadi Nansio, mji wa Ukerewe, tukodi boti hadi kisiwa kidogo chenye kambi ya wavuvi, na jioni hiyo tujifunze habari za chakula: dagaa anavyovuliwa, anavyooshwa, anavyoanikwa. Jumapili ingekuwa ya uhifadhi: nyavu, ukubwa wa samaki, na mazungumzo na wanakamati wa BMU (kikundi cha wanajamii wanaosimamia uvuvi) wa mwalo ule, yaani ufukwe wanapotia nanga wavuvi, kabla ya kurudi.

Tarehe tulizipata kwenye kalenda ya shule, mapumziko ya katikati ya muhula. Kalenda nyingine hatukuitazama.

Mwenyeji wetu kisiwani tulimpata kupitia mchuuzi wa samaki aliye ndugu wa mwalimu mmoja. Ni mama mtu mzima, mweka hazina wa kikundi cha wanawake wanaokausha dagaa. Nitamwita Bibi, kama wanafunzi walivyomwita. Tulizungumza naye kwa simu mara mbili. Mara ya kwanza tuliomba atupokee, mara ya pili tulikubaliana bei ya kupikiwa. Hatukumuuliza wao wana nini cha kutufundisha, wala siku zipi ni nzuri kwao.

Maandalizi ya darasani yalikuwa ya nguvu. Kwa wiki tatu tulisoma kanuni za uvuvi: kwamba sato aliye chini ya sentimita 25 haruhusiwi kuvuliwa, sangara chini ya sentimita 50 vivyo hivyo, jicho la wavu wa dagaa lisipungue milimita 8, nyavu za timba (za uzi mmoja wa plastiki) na kokoro (za kukokotwa hadi ufukweni) ni marufuku. Tulisoma pia jinsi sangara alivyopandikizwa ziwani miaka ya 1950, na jinsi aina mamia za furu, samaki wadogo wa asili, zilivyopungua na nyingine kutoweka baada yake. Kila mwanafunzi alipewa kadi ya vipimo na rula ya sentimita 30. Rula zilikuwa wazo langu. Niliona zitawafanya watazame samaki kwa macho ya mtafiti.

## Yaliyotokea

Ijumaa ilikwenda vizuri, na sitakaa hapo sana. Kutoka Capri Point hadi Saanane ni mwendo wa dakika chache. Wanafunzi waliona pimbi wakiota jua juu ya majabali, mijusi wenye vichwa vyekundu, swala pala wakilisha karibu kabisa na maji. Mwongozaji aliwaeleza kwamba kisiwa kina jina la Saanane Chawandi, aliyeishi pale kabla serikali haijakichukua mwaka 1964 na kuanzisha bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na kwamba hadhi ya hifadhi ya taifa ilikuja mwaka 2013. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Yeye Saanane mwenyewe alikwenda wapi?" Mwongozaji alijibu kwa kifupi kwamba alihamishwa. Swali lile lilistahili kupewa nafasi zaidi, na nitalirudia.

Jumamosi tulipanda meli ya asubuhi, tukafika Nansio mchana. Boti tuliyoikodi ilikuwa inasubiri, jaketi okozi zimehesabiwa. Lakini upepo ulikuwa umeanza, na nje ya ghuba mawimbi yalikuwa na povu jeupe. Nahodha, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, alituambia: "Boti inaweza kwenda. Ila ziwa limechafuka, na mimi nina watoto wa watu." Tuliamua kutovuka. Tukapata ukumbi wa kulala wanafunzi kwa msaada wa wenyeji wa pale mjini, tukanunua mikate na chai.

Tulimpigia Bibi simu mara nyingi. Haikupatikana. Tukatuma ujumbe mfupi, tukajiridhisha kwamba umekwenda. Ulimfikia asubuhi.

Usiku ule mwezi ulipanda juu ya ziwa ukiwa mkubwa kama sinia. Tuliwatoa wanafunzi nje kuutazama, na mwalimu wa Kiswahili akawafundisha kutunga beti papo hapo. Walifurahi mno. Walimu tulikuwa wanne pale, tumesoma, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mwezi ule ulikuwa na habari yetu ya kesho.

Jumapili saa mbili asubuhi tulikuwa kisiwani. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya beseni. Kwenye mwalo hapakuwa na kazi yoyote. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa imevutwa mchangani, taa zimefungwa ndani ya magunia, vijana wamekaa kivulini wanashona nyavu. Vichanja vya kuanikia vilikuwa vitupu mwanzo hadi mwisho, kuku wanapita chini yake.

Tulipokwisha kuamkia, Bibi alijibu swali tulilokuwa tunaogopa kuliuliza. "Mwezi umejaa, mwalimu. Dagaa anafuata taa pakiwa giza. Mbingu yote ikiwa taa, atakuja kwako kutafuta nini? Vijana wanapumzika mpaka giza lirudi."

Ndipo tukajua pia ya jana. Wanawake wa kikundi walikuwa wamepika chakula cha watu 36. Walinunua sangara wa kilo kadhaa kwa fedha yao wakitarajia tuwalipe tukifika, wakaazima mchele, wakawasha moto, wakakaa ufukweni hadi usiku wakitazama maji. Kwa watu wa visiwa vile, chombo kinachosubiriwa kisifike si jambo la kulichukulia kwa wepesi. Mwishowe chakula kiligawiwa majirani.

Bibi hakulalamika. Aliagiza mabeseni mawili ya maji na magunia mawili ya akiba, akaanza kufundisha. Katika gunia la kwanza kulikuwa na dagaa walioanikwa mchangani, katika la pili waliokaushwa juu ya kichanja. Alichota kopo moja huku na kopo moja huku, akawamwaga kila mmoja kwenye beseni lake, akamwambia mvulana mmoja aoshe. Maji ya beseni la kwanza yaligeuka rangi ya chai ya maziwa. Dagaa walipotolewa, mchanga uliobaki chini ulifunika kucha ya kidole gumba. Katika beseni la pili palibaki magamba na vichwa vichache. Bibi akachukua punje za mchanga ule, akaziweka kwenye kiganja cha mvulana: "Zitie kati ya meno, zitafune. Huu mnaununua mjini kwa bei ya dagaa." Kisha akaeleza kwamba mvua ikiwakuta dagaa mchangani wanaharibika, wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na kazi ya usiku mzima ya vijana inakwenda hivyo. Kichanja kinahitaji miti na wavu wa kutandaza, na si kila mwanamke ana mtaji wa kukijenga.

Lilikuwa somo bora kuliko yote tuliyowahi kufundisha kwenye klabu. Hakuna aliyesinzia.

Saa saba chakula kikaletwa: ugali wa udaga (unga wa muhogo mkavu), mboga za majani, na sato wa kukaanga, mmoja kwa kila wanafunzi wawili. Walikuwa wadogo. Binti mmoja wa kidato cha pili, msikivu na makini kupita wenzake, alitoa rula mfukoni, akailaza kando ya sahani. "Mwalimu," alisema kwa sauti ya kawaida ya darasani, "huyu ana kumi na saba. Hajafika ishirini na tano."

Mkono wa Bibi uliokuwa unagawa mboga ukasimama. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akaweka sufuria chini. Kijana mmoja, ambaye baadaye tulijua ni mjukuu wa Bibi na ndiye aliyevua, aliondoka mlangoni bila kusema neno. Nami nikamgeukia binti, nikamwambia mbele ya watu wote: "Weka hiyo rula. Huna adabu?"

## Maamuzi, na kwa nini tuliamua hivyo

Uamuzi wa kutovuka haukutuchukua hata dakika kumi. Nahodha amesema, upepo tunauona. Zaidi ya hayo, hakuna mzazi wa Kanda ya Ziwa aliyesahau tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa kimekaribia kabisa kufika kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapotea. Wanafunzi wetu wawili wana ndugu waliozikwa kwa ajali hiyo. Fedha ya dharura hatukuwa nayo. Malazi ya Nansio yalilipwa na walimu. Nikirudishwa pale leo nitaamua vilevile.

Uamuzi wa sahani ulikuwa mgumu. Tuliwaomba radhi wenyeji, tukasogea chini ya mwembe, walimu wanne na mzazi. Mwalimu wa biolojia alikuwa na msimamo: tukila, tumewafundisha watoto kwamba kanuni ni ya darasani. Wiki tatu za kazi zitaishia kwenye sahani ile. Alisema tuwashukuru wenyeji, tulipe, tule ugali na mboga. Mzazi, ambaye kwao ni Ukerewe, alisema ukikisukuma pembeni chakula cha mwenyeji aliyekwisha kukupikia jana ukakosa kuja, hutasikilizwa tena kisiwani hapo kwa lolote, hata ukija na maneno ya dhahabu.

Mimi nilikuwa katikati. Kilichoniamulia ni hesabu moja rahisi: sangara wa halali alikuwa ameshanunuliwa kwa ajili yetu, na aliliwa na majirani Jumamosi usiku kwa sababu taarifa yetu haikufika. Fedha ya kikundi ikaisha pale. Dagaa hapakuwa kwa sababu ya mwezi tusioutazama. Mjukuu akatumwa alfajiri alete chochote. Kwa hiyo wale sato wadogo hawakuja mezani kwa sababu Bibi hajali ziwa. Sisi ndio tulioanza safari ya wale samaki.

Tulikubaliana mambo matatu. Tutakula. Tutalipa milo yote miwili, wa jana na wa leo, kwa bei kamili. Na tutamwomba Bibi ruhusa ya kuzungumza habari ya rula baada ya kula, waziwazi, wanafunzi wakiwepo, ili isionekane tumemeza jambo pamoja na samaki.

Mwalimu wa biolojia alikubali kwenda na wengi, lakini yeye mwenyewe hakula samaki. Nadhani alifanya sawa. Wanafunzi walimwona, wakaona pia kwamba aliketi, akala ugali na mlenda, akamshukuru mpishi kwa majina ya vyakula vyote.

Jambo la tatu halikuwa uamuzi, na hapo ndipo kosa lilipo. Wakati wa kuondoka, saa nane na nusu mchana, boti ilikuwa imekwama kwenye mchanga. Gati hakuna. Wavulana tisa walivua viatu wakaingia majini hadi magotini kuisukuma, wakicheka, kwa muda wa kama dakika kumi na tano. Tulikuwa na sheria ya kutoogelea, na kila mwanafunzi aliisaini. Kuhusu kupanda na kushuka hatukuwa tumesema neno. Walimu wawili tulisimama pale tukiangalia, tukifurahia ushirikiano wao.

## Mazungumzo baada ya chakula

Haya nayaandika peke yake kwa sababu ndiyo yaliyobaki vichwani mwa wanafunzi.

Nilianza kwa kumwomba Bibi radhi kwa ya jana na ya leo, kisha nikamweleza rula ni za nini. Hakukasirika. Aliomba aone moja, akaigeuza, akaipima kwenye kiganja chake. "Sisi tunapima kwa hiki," alisema. "Tulikuwa tunajua samaki wa kuacha kabla hamjazaliwa." Kisha akatuuliza: "Hao wa ishirini na tano, mwalimu, mnadhani wanalala kwangu?"

Akaeleza. Sato mkubwa akitoka majini anakutana na mchuuzi mwenye barafu pale pale mwaloni. Yeye ndiye ada ya mjukuu na dawa ya mgonjwa. Sangara anakwenda kiwandani, na bondo lake, kile kifuko cha hewa cha tumboni, lina bei kuliko nyama yake, linapanda ndege kwenda nchi za mbali. Dagaa mzuri anapakiwa kwenye magunia. "Kwenye sufuria ya nyumbani anaingia anayebaki. Anayebaki ni huyu mliyempima."

Mwanafunzi mmoja aliuliza: kama wote wakila wanaobaki, kesho watabaki wapi? Bibi alikubali kwamba hilo linamnyima usingizi. Alisema anamkumbuka ngege, samaki wa asili wa ziwa hili, alivyokuwa akipikwa utotoni mwake, na kwamba wajukuu zake hawajui hata sura yake. Sato mwenyewe, tukawaeleza wanafunzi, si mwenyeji; naye alipandikizwa, kama sangara. Bibi hakuwa akilijua hilo, akacheka, akasema basi mgeni kawa mwenye nyumba.

Kisha akawafundisha jambo ambalo kwenye kadi zetu halikuwepo. Sato jike hulea mayai na watoto mdomoni. Ukimshika jike ambaye mashavu yamejaa, alisema, fungua mdomo kwa kidole, utawaona wamejipanga kama mbegu za papai. "Huyo mimi namrudisha hata kama nina njaa, na nimemfundisha huyu kijana amrudishe." Kijana, aliyekuwa amerudi na kusimama nje ya dirisha, aliitikia kwa kichwa. Kuhusu wavu wake wa timba alisema mwenyewe, bila kuulizwa: wavu halali bei yake ni kubwa, na wa timba anaupata kwa mkopo kwa mwenye mtumbwi.

Binti mwenye rula hakusema neno hadi tulipofika Mwanza.

## Matokeo

Wanafunzi wote walirudi salama. Jumatatu niliwaambia wazazi wa wale wavulana tisa kwamba watoto wao waliingia majini. Kanda yetu ni ya kichocho, na vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi, hasa jua linapokuwa kali. Dakika zile kumi na tano ziliangukia saa mbaya. Mzazi mmoja alikuja shuleni kwa hasira, na alikuwa na haki. Muuguzi wa zahanati alitueleza jambo ambalo kila mwalimu wa ukanda huu angepaswa kulijua: dawa ya prazikwanteli haiui minyoo ambayo bado michanga, kwa hiyo kuinywa siku inayofuata hakutoshi. Tulisubiri wiki sita, kisha wote tisa wakapelekwa wakapatiwa dawa.

Kwenye madaftari ya klabu, nilipoyasoma wiki iliyofuata, Saanane ilipata nusu ukurasa kwa kila mtu. Mabeseni mawili ya dagaa yalipata ukurasa mzima, wengi wakiwa wamechora. Maneno ya "anayebaki" yalikuwa kwenye madaftari 24. Jiko la shule, kwa ombi la wanafunzi wenyewe, sasa linanunua dagaa wa kichanja kutoka kikundi cha Bibi kila wanapopatikana. Bei iko juu kidogo; mpishi anasema hapotezi tena muda wa kuosha mchanga.

BMU hatukukutana nao. Kuchelewa kwa siku moja kulikula muda wao, na wawakilishi waliokuwa tayari Jumapili asubuhi walikuwa wamekwenda kwenye msiba tulipomaliza kula.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni usalama wa majini siku ya Jumamosi, na kilifanya kazi kwa sababu tulimwachia neno la mwisho anayelijua ziwa. Nahodha alisema, tukatii. Nikilinganisha na mengine yote yaliyoharibika, naona ni ukosefu wa jambo hilohilo. Kwenye tarehe hatukumuuliza mvuvi. Kwenye chakula hatukumuuliza mpishi. Swali moja kwa Bibi, "siku gani tuje?", lingetupa vichanja vilivyojaa, mwalo wenye kelele, na dagaa wa kutosha kwa watu 36 bila mjukuu kutumwa alfajiri. Mpango wa ziara ya kisiwani unaotungwa ofisini mjini, halafu kisiwa kikapigiwa simu kuulizwa bei ya ugali, una kasoro tangu siku ya kwanza, hata kama barua zote za ruhusa zimegongwa mihuri.

Mawasiliano. Tulipotuma ujumbe tulijiona tumemaliza. Palikuwa na njia nyingine: nahodha alikuwa na namba za watu wanne kisiwani, na mmoja wao simu yake ilikuwa hewani jioni ile. Tulikuja kujua kesho yake. Hatukumwomba.

Sasa rula. Nimeifikiria sana, na bado naamini kufundisha vipimo ni sahihi. Kanuni zile zipo kwa sababu. Ziwa limeshapoteza mengi kwa watu kuvua bila kipimo. Kosa ni mpangilio. Tuliwapa watoto kipimo cha samaki wiki tatu kabla ya kuwapa jina la mtu yeyote anayeishi naye. Kwa hiyo walivuka maji wakiwa na kanuni mkononi na picha moja tu ya watu wa kule, ya mvuvi haramu. Kadi zetu hazikuwa na mchuuzi mwenye barafu, wala bondo, wala mkopo wa wavu. Mtu akisoma kadi ile peke yake ataamini kwamba samaki mdogo yuko kwenye sahani kwa sababu ya ujinga. Swali la yule mwanafunzi kule Saanane, mwenye kisiwa alikwenda wapi, lilikuwa swali hilohilo likija kwa mlango mwingine: uhifadhi una watu ndani yake. Tungelishika Ijumaa, tungefika Jumapili tumejiandaa vizuri zaidi.

Binti. Alifanya tulichomfundisha, kwa usahihi, mahali ambapo hatukumfundisha kukaa. Kumkemea mbele ya watu kulinisaidia mimi, kuniondolea aibu yangu mbele ya wenyeji, na kulimpa yeye mzigo ambao haukuwa wake. Mwalimu wa biolojia alinieleza hivyo ndani ya meli, nikajitetea. Ilinichukua siku kumi kumwita na kumwomba radhi, na nikafanya hivyo mbele ya klabu, kwa kuwa nilimkemea mbele ya klabu. Ningeweza kusema pale pale: "Umeona vizuri. Tule kwanza, tutamwomba Bibi tuzungumze." Maneno saba au nane. Yangemwokoa yeye na yangemheshimu Bibi pia. Mwalimu anayesoma kisa hiki ayaandae maneno ya namna hiyo kabla ya safari. Wakati wenyewe ukifika hayaji.

Kuhusu kula au kutokula, walimu wanne hatujakubaliana hadi leo. Mwalimu wa biolojia anasema tulipaswa kukataa kwa upole. Ana hoja: mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliandika kwamba "kanuni inaweza kusubiri kama una njaa", na hilo si tulilotaka. Hoja yangu ni kwamba bila mlo ule tusingepata mazungumzo yaliyofuata, na ni katika mazungumzo yale ndipo wanafunzi walipojua kwamba mtu huyohuyo anayepika sato wa sentimita 17 ndiye anayemrudisha jike mwenye watoto mdomoni. Shule nyingine ikikutana na hali hii iamue yenyewe, lakini iamue mbele ya wanafunzi, sababu zikisemwa. Sisi tulijificha chini ya mwembe, wakabaki wakikisia.

Na maji. Sheria yetu ilikataza kuogelea kwa sababu tuliwaza kuzama. Kichocho hakihitaji kuogelea. Ziara ya kisiwa kisicho na gati inahitaji kupanga mapema nani anasukuma boti, mabuti ya mpira yawepo, na wanafunzi wapande kwa ubao. Ubao upo kwenye kila mwalo. Tulikuwa tumekalia mmoja wakati wavulana wanavua viatu.

Safari ya pili imepangwa kwa siku za giza. Fungu la dharura la kulala Nansio usiku mmoja limetengwa. Bibi ndiye aliyetaja wiki, na ameomba tuje na miti na wavu wa kutosha kichanja kimoja badala ya zawadi ya sukari, wanafunzi wakijenge wenyewe pamoja na wanawake wa kikundi. Anayezungumza naye kwa simu kwa niaba ya klabu ni yule binti wa kidato cha pili. Aliomba kazi hiyo mwenyewe. Mara ya mwisho walizungumza karibu nusu saa. Nilipomuuliza walikuwa wanasema nini, akajibu kwamba Bibi alitaka kujua rula ile aliinunua wapi, kwa sababu mjukuu wake anaitaka.